Kamati ya Pua

Mwaka ambao dhahabu ilitoka kilimani, watu wa Nyarero tuliingiwa na akili nyingi kwa mpigo. Aliyekuwa na ng'ombe aliwauza akanunua karasha ya kusagia mawe. Aliyekuwa na shamba la mihogo alilichimba mpaka nyumba ikabaki imesimama peke yake kama jino la mzee. Fundi cherehani alifunga mashine akaenda kupasua mwamba, na kuanzia hapo kijiji kizima tukavaa nguo zilizofumuka, lakini tukiwa matajiri watarajiwa.

Vijana nao walianza kushika hela, kwa hiyo wazazi tukaanza kuogopa bangi. Ukisikia mzazi wa Tarime anaogopa bangi, usimcheke. Mtoto wa kwetu anaijua harufu yake kabla hajaijua ya sabuni. Tukafanya kikao, tukapiga kelele kuanzia asubuhi, na mwisho wanaume wakaja na jambo ambalo hakuna wilaya nyingine ingeliwaza: kamati ya kunusa watoto.

Jina lake la heshima lilikuwa Kamati ya Malezi. Sisi akina mama tuliiita kamati ya pua. Mwenyekiti alikuwa Nyangwine, mdogo wake mume wangu, mzee wa kanisa na mmiliki wa duara refu kuliko yote pale kilimani. Duara, kwa asiyejua, ni shimo. Unalichimba wima kwenda chini mpaka ukutane na dhahabu au na Muumba wako, yeyote atakayetangulia.

Kila Jumapili baada ya ibada, wavulana walipanga foleni nje ya kanisa. Nyangwine alipita akiwa amevaa suti, akazinusa nywele zao, akainusa kola, akawageuza viganja akanusa na vidole. Halafu alitangaza kwa sauti ya mnada: "Safi!" Kijana aliyetangazwa safi alipata sifa, mama yake alipigiwa vigelegele, na Jumamosi aliruhusiwa kufanya kazi kwenye duara la mwenyekiti. Maana Nyangwine alikuwa na msimamo. "Kwangu," alisema, "hashuki mvuta bangi." Mapadri wangapi wana msimamo kama huo?

Mwanangu Kisyeri, wa kidato cha tatu, alikuwa anafaulu kila Jumapili kwa alama ambazo hakuwahi kuzipata kwenye hesabu. Alikuwa safi kuliko mashuka ya hospitali.

Alikuwa pia hali chakula. Anamega matonge mawili ya ugali, anasukuma sahani. Anajikuna pua, anajikuna mikono, anajikuna mgongo kwenye nguzo ya mlango kama ndama mwenye kupe. Anaingia chooni anakaa mpaka majirani wanaanza kuuliza kama tumehamia humo. Anasinzia ameketi, kijiko cha chai mkononi. Jumamosi jioni akirudi kutoka kilimani anaongea kama redio. Jumatatu asubuhi anatapika nyuma ya banda.

Nilipouliza, kila mtu alikuwa na jibu. Hali? Amekuwa mwanaume sasa, hali kwa mama. Anajikuna? Vumbi la karasha. Anasinzia? Kazi. Anatapika? Maji ya kisima, siku hizi wanaosha mawe huko juu. Wakati wa dhahabu hakuna dalili isiyo na maelezo. Ukianguka ukafa watasema umeona mshipa wa dhahabu chini ukainama kuuangalia.

Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo, na duka la dawa za mifugo pale Bomani, mjini Tarime. Kazi yangu ni kuangalia macho ya viumbe ambao hawawezi kujieleza. Jumanne moja jioni, jikoni kuna giza, nilimwambia Kisyeri anipe chumvi. Akageuka akanitazama. Kwenye giza mboni ya jicho hupanuka, iwe ya mtu, ya mbuzi au ya mwenyekiti. Zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Umekula nini leo?" nikamuuliza.

"Hamna, mama."

"Umekunywa nini?"

"Mama, kamati ilinipima Jumapili." Akaondoka bila kuleta chumvi.

Mifuko ya suruali yake nilikuwa nimeshaikagua wakati wa kufua: kokoto, msumari, peni isiyoandika. Nikamfuata mume wangu, Mwikwabe, aliyekuwa uani na redio yake.

"Baba Kisyeri, mtoto anatumia kitu."

"Bangi?"

"Si bangi."

"Sasa kama si bangi unataka nifanye nini?" Akapunguza redio kidogo, kwa heshima. "Nyangwine kamnusa. Safi."

"Nyangwine ana pua. Mimi nina macho."

"Macho yako yamesomea ng'ombe."

"Ndiyo. Na mpaka leo hakuna ng'ombe aliyenidanganya."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbusha Jumamosi. Mpaka hapo Kisyeri alikuwa anafanyia kazi juu juu, ngazi ya kwanza, pale ambapo bado unaliona anga. Jumamosi hiyo Nyangwine alitaka kumshusha mpaka chini kabisa, kwenye njia mpya, nyembamba, inayohitaji mwili mwembamba. Unashuka na kamba ya winchi, mguu mmoja kwenye kitanzi, mikono imeshika. Mtu anayesinzia na kijiko cha chai mkononi, akisinzia na kamba mkononi, hatuhitaji kamati kutuambia matokeo.

"Mkataze," nikasema.

"Nimeshampa mdogo wangu neno langu, mbele ya wazee. Nikamwambie nini? Kwamba mke wangu ameona macho?" Akapaza redio. "Niletee ushahidi."

"Ushahidi uko kwenye nyumba ya mtoto. Ingia ukaangalie."

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni.

Hapa inabidi nieleze. Kwa Wakurya, kijana akishatahiriwa anajengewa nyumba yake hapo hapo uani, na kuanzia siku hiyo wazazi hawaingii. Baba haingii, mama haingii. Kuona kitanda cha mwanao aliyekwishakuwa mwanaume ni aibu isiyofulika. Wanaiita ensoni, na ni heshima nzuri sana, ilitungwa na watu waliojua kwamba kijana anahitaji faragha. Kwamba siku moja faragha hiyo ingekaa hatua chache kutoka machimboni, hawakuwaza, na siwalaumu. Mimi ni mzaliwa wa Serengeti, upande wa Mugumu, nimeolewa huku. Nikivunja mwiko mmoja, ukoo mzima utasema walijua tangu siku ya mahari.

Lakini bibi anaingia. Bibi na mjukuu ni watani. Mama mkwe wangu, Bibi Agustina, alikuwa anamwita Kisyeri "mume wangu," na alikuwa anaingia kwake kama anaingia jikoni. Jumatano asubuhi nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Kisyeri. Mbona mapema, duka limeungua?"

"Nina ombi. Ingia kwa mume wako uniangalizie kama ameficha bangi."

Aliinuka mara moja. Hilo lilinishangaza kidogo, maana Bibi Agustina na magoti yake ni watu wa kubembelezana. Akaingia, nikasikia akihamisha vitu na kuimba, akatoka akipangusa mikono.

"Hamna kitu. Kitanda, viatu vinavyonuka, na kanga yangu niliyoitafuta tangu Krismasi. Nimenusa mpaka godoro. Mume wangu ni safi, acha kumsumbua."

Basi ukoo mzima ulikuwa umenusa. Nilirudi dukani, nikauza dawa za minyoo, nikawaza. Mwiko unasema mzazi asiingie kwenye nyumba ya mwanawe. Nimeishi Nyarero miaka ya kutosha kuusikia ukisemwa na kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja paa.

Alhamisi Kisyeri akiwa shuleni, nilimwambia Mwikwabe kwamba mabati ya nyumba ya mtoto yanavuja.

"Yanavuja wapi? Mvua haijanyesha."

"Ndiyo wakati wa kuziba. Utasubiri inyeshe?"

Kukarabati paa la mwanao si kuingia. Alipanda. Alipong'oa bati la kwanza na kugundua kwamba kitanda kiko wazi chini yake, aliinua uso akaanza kuangalia mawingu, na hakuushusha tena. Aling'oa misumari kwa kupapasa, kama kipofu anayechambua mchele.

"Unaona nini?" nikamuuliza kutoka chini.

"Naona Kenya."

"Angalia chini!"

"Mama Kisyeri, usinitafutie laana."

Nikaegemeza ngazi ukutani, kwa nje. Nikapanda mpaka kiwiliwili kikapita ukuta, miguu yangu ikabaki upande wa halali. Mkononi nilikuwa na reki ya kukusanyia majani. Nikaanza kuvua. Nikavuta shuka. Nikavuta kiatu kimoja. Nikavuta daftari la fizikia ambalo, kwa upya wake, naweza kuapa halikuwahi kuonwa na mwanadamu. Bibi Agustina alitoka nje, akaweka kiti chake uani, akakaa kutazama, akitoa ushauri.

"Kushoto! Kushoto kuna kitu, mkwe!"

Juu ya ukuta, pale boriti inapokaa, kulikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka. Reki ililigusa likaanguka upande wangu, likafunguka njiani. Hayakutoka mafuta. Zilitoka pakiti za vidonge, zikamwagika uani mpaka miguuni mwa bibi. Nikashuka, nikaokota moja, nikasoma. Tramadol. Dawa ya maumivu ya mtu aliyepasuliwa tumbo, anayopewa na daktari, kwa siku za kuhesabu, akiwa amelala chini.

"Ah, hizo?" akasema Bibi Agustina. "Hizo niliziona jana."

"Uliziona?"

"Si ziko hapo juu siku zote."

"Mama, uliniambia hamna kitu!"

"Uliniuliza bangi." Alikuwa ameudhika kweli. "Hizo ni dawa, zina karatasi, zina maandishi. Mimi mwenyewe mume wangu ananipa kimoja kila Jumapili, cha magoti. Unafikiri zile nyimbo za kuruka nilikuwa naruka kwa Roho Mtakatifu peke yake?"

Juu ya paa Mwikwabe alikohoa. Sijui kama alikuwa anacheka au anasali.

Kisyeri alitukuta hivyo aliporudi. Alisimama mlangoni kwake, akaona jua limekaa kitandani, akainua macho akamwona baba yake amepanda ukuta kama mtu anayepanda farasi, uso kwenye mawingu. Halafu akaniona mimi na kopo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nimeupangia majibu yote njiani kutoka ngazini. Hakudanganya. Alikaa chini kwenye kizingiti, mabega yamechoka kuliko ya bibi yake.

"Nani anakupa?"

"Baba mdogo. Anatugawia wote kabla hatujashuka. Anaziita dawa ya mgongo."

"Wote?"

"Wote waliopimwa. Kimoja kimoja. Mimi nikaanza kuomba viwili. Halafu nikaanza kununua."

"Mpaka siku za shule?"

"Nisipomeza natetemeka, mama. Jasho linanitoka kama mgonjwa."

"Mgongo unakuuma?"

"Hauumi."

"Umewahi kukuuma?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa ulikuwa unatibu nini?"

Alisema neno moja, chini sana, akiyatazama magoti yake. Nilimwambia arudie. Hakurudia. Juu ya ukuta baba yake akasema, bila kushusha uso: "Sauti, mura."

"Naogopa," akasema Kisyeri. "Kule chini naogopa, baba. Nikimeza siogopi."

Mura, kijana wa Kikurya, husimama mbele ya kisu cha ngariba ukoo mzima ukimkodolea macho, na hatakiwi hata kupepesa. Neno hilo hatakiwi kulijua. Tulikuwa tumemfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kulitamka, tukamshusha shimoni, na duka la dawa likamsaidia kunyamaza.

Mwikwabe aliweka nyundo juu ya ukuta.

"Mimi nilishuka mara moja," akasema, akiyaambia mawingu. "Duara likiwa bado fupi, hata nusu ya sasa halijafika. Nilipotoka nikamwambia Nyangwine mgongo unauma. Sijarudi tena."

"Kwa hiyo hii dawa ya mgongo—" nikaanza.

"Nyamaza kidogo, Mama Kisyeri," akasema, kwa upole. Nikanyamaza kidogo.

Ijumaa nilikwenda hospitali mjini na lile kopo. Daktari alihesabu pakiti, akaniuliza mtoto anameza vingapi, akaacha kuandika. Akasema tusimwachishe ghafla nyumbani, anaweza kuanguka kifafa; usiku huo nimpe kimoja tu. Tumlete Jumamosi asubuhi, tusimwache peke yake hata dakika, na mimi nisijifanye daktari. "Ng'ombe na watu ni tofauti," akasema. Nikamwambia nimeona, ng'ombe hawana kamati.

Usiku huo Kisyeri alilala sebuleni kwetu, maana nyumba yake ilikuwa haina paa. Alitetemeka, akajikuna, akaniomba kidonge cha pili, akanitukana, akaniomba radhi, akaomba tena. Bibi Agustina alilala mkekani pembeni yake, naye anajigeuza na kulaani magoti yake. Ilipofika asubuhi nilikuwa na wagonjwa wawili. Na nilijua vizuri kwamba siwezi kumfunga kamba: kilimani kulikuwa na mtu mwenye mfuko uliojaa kitu ambacho mwili wa mtoto wangu ulikuwa unakililia, na mtu huyo alikuwa njiani.

Nyangwine alikuja na pikipiki yake, buti za mpira, kofia ngumu kichwani. Akatukuta wote uani.

"Shemeji, habari za asubuhi. Mbona nyumba ya kijana haina kofia?" Akacheka peke yake. "Mura, panda twende. Winchi inasubiri."

Kisyeri alisimama. Nikaona mguu wake mmoja unatangulia wenyewe kuelekea pikipiki, kama umeitwa. Nikamwangalia Mwikwabe. Alikuwa anaangalia ardhi.

"Siendi, baba mdogo," akasema Kisyeri. Meno yalikuwa yanagongana. "Naogopa."

Nyangwine aligeuka kumtazama kaka yake, akisubiri kofi. Kila mtu alisubiri lile kofi. Lilichelewa mpaka ikaeleweka kwamba haliji.

"Hashuki," akasema Mwikwabe. "Neno langu nalirudisha. Waambie wazee mimi ndiye niliyelirudisha."

"Huyu mtoto anaumwa tu! Ngoja." Nyangwine, kwa mazoea, akamshika Kisyeri kichwa akanusa. "Safi kabisa! Malaria hiyo. Nimpe dawa, dakika kumi yuko sawa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, pale penye kitabu cha nyimbo, akatoa pakiti.

Mtoto aliitazama ile pakiti kama ndama anavyotazama kiwele. Nilimpokonya Nyangwine kabla hajaifungua.

"Hii ndiyo inayomuumiza, shemeji. Hii hapa. Hainuki, ndiyo maana pua yako haijaiona."

"Shemeji, hiyo ni dawa! Inauzwa dukani, mchana kweupe! Mimi mwenyewe natumia kila siku!"

"Kila siku?"

"Kila siku! Nisipotumia mwili wote unauma, natetemeka, silali..." Akaishia hapo hapo. Alimwangalia Kisyeri anavyotetemeka. Aliangalia mikono yake mwenyewe. Sikumsaidia kumaliza sentensi. Mtu mzima ana haki ya kufika peke yake. Lakini alikuwa na duara la kuendesha, na dhahabu haisubiri mtu afikiri.

"Sasa nani atashuka kwenye ile njia?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Shuka wewe, shemeji," nikasema. "Dawa unayo."

Aliangalia tumbo lake, ambalo tangu dhahabu itoke lilikuwa limefanya maendeleo kuliko kata nzima. Bibi Agustina akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

Mwikwabe alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa pikipiki."

"Wa nini? Mimi nitapandaje kilimani?"

"Kwa miguu. Mgongo si mzima?"

Kisyeri alitapika kwanza, kwenye maua yangu. Nikampa maji akasukutua. Bibi tulimwahidi kumrudia mchana, maana naye daktari alitaka kumwona. Mwikwabe akashika usukani, mimi nyuma, Kisyeri tukambana katikati kama gunia linaloweza kuanguka.

Pale njia inapogawanyika, moja inakwenda mjini na moja inapanda machimboni, pikipiki ilipunguza mwendo kwa sababu ya mawe. Kisyeri akageuza kichwa upande wa kilima. Niliusikia mwili wake wote ukijikusanya, tayari kushuka. Nikaukamata mshipi wake kwa mikono miwili, nikasubiri.

"Endesha, baba," akasema.